Koti Jekundu

Jumamosi, kwenye kibanda cha mitumba mjini Tabora, mawingu yalikuwa yameshuka karibu yaguse mabati. Mama mmoja alikuwa anamjaribishia mumewe koti la mvua jekundu. Kesho yake bwana huyo angeingia porini na wenzake wa kanisani, kwa miguu, kuifuata njia ya zamani ya misafara.

"Nipe lile la kijani," mume alimwambia muuzaji. "Jekundu linaita radi."

"Kijani ndiyo rangi uliyovaa siku ile ulipopotea," mke alimjibu huku akimnyoosha kola. "Waliokutafuta walipita karibu yako, wakadhani kichaka."

Muuzaji akalikunja la kijani taratibu.

Hapo radi ikapiga, karibu mno. Muuzaji, wateja na mimi tuliruka pembeni, tukamwacha yule bwana peke yake katikati, mikono imemganda hewani.

"Nivue, mama watoto," alisema. "Nivue haraka."

Mke hakumvua. Alimsogelea, akamfunga zipu mpaka kidevuni, kisha akaacha viganja vyake vimetulia kifuani pake.

"Nitakuvua ukirudi."

Mvua ikamwagika. Hakuna aliyecheka, na mimi sikuwa na haki ya kucheka. Nilipotazama mikono yetu, sisi tuliolikimbia koti la kitambaa, kila mmoja alikuwa ameikumbatia nguzo ya chuma ya kibanda.