Mafua Yaliyotafutiwa Mkosaji

Kiangazi kile vumbi la barabara yetu ya Nyalukemba lilipanda mpaka juu ya majani ya migomba, nami nikaanza kupiga chafya. Kila asubuhi, kabla sijatia mguu chini, zilinijia mfululizo mpaka machozi yakanitoka. Pua ilichuruzika kama bomba bovu. Macho yaliwasha, hata kaakaa liliwasha, mahali ambapo mtu hawezi kujikuna. Kazini nilipata nafuu. Nikirudi nyumbani, pua inaziba tena.

Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Walungu kuja kukaa nasi. Alinitazama siku nyingi. Asubuhi moja jikoni akaweka sahani chini.

"Ile haiko mafua. Mafua inaishaka. Nani anakuleteaka chakula?"

"Hakuna, maman."

"Na ile chai ya jirani?"

Jirani alikuwa mjane aliyepanga chumba ng'ambo ya ua wetu. Jumapili, baada ya misa, tulikuwa tunakunywa chai pamoja. Nilielewa mara moja. Kwetu kuna neno ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: karuho, sumu inayosemekana kumla mtu polepole huku akitembea. Likishatamkwa juu ya mtu, halirudi mdomoni.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Muda si muda neno hilo lilikuwa limeenea, na wanawake wakawa wananyamaza mjane akifika bombani na bidoni yake ya maji. Vijana ambao sikuwajua walianza kukaa ukutani mbele ya nyumba jioni, bila mchezo, bila maongezi, wakitazama tu mlango wake. Kisha tukakuta alama ya mkaa kwenye mlango huo. Mjane aliifuta kwa kitambaa, nasi sote tulimwona akiifuta.

Mama mkwe akaleta chupa kutoka kwa mganga, dawa ya kutapisha. Mume wangu aliinamisha kichwa, akatoka uani. Mimi nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alinimulika puani kwa kitochi.

"Homa iko?"

"Hapana."

"Makamasi iko rangi gani?"

"Kama maji tu."

"Na ukifagia nyumba?"

"Hapo njo inazidi."

Aliniuliza ninalala wapi. Nikamweleza: godoro la zamani, chini ya ukuta uliotota mvua za masika na kuota ukungu mweusi.

"Hii ni aleji ya pua, maman. Mwili yako inakataa vumbi na ule ukungu. Hakuna mutu alikufanyia kitu."

Alinipa dawa ya kupuliza puani, akanionya niitumie kila siku hata nikijisikia vizuri, kwa sababu haifanyi kazi kwa siku moja. Akanifundisha kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kuanika godoro juani, kupangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na kuusugua ule ukuta huku nimefunika pua na mdomo.

Nilirudi mbio. Nikasimama katikati ya ua, nikayasema yote kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Munganga wa hospitali hajue mambo ya huku kwetu," mama mkwe akajibu.

Kesho yake mjane alikuwa akifunga godoro lake juu ya pikipiki. Alikuwa anahamia Bagira, kwa dada yake. Nilimshika mkono.

"Baki. Nimeshawaambia."

"Umewaambia, lakini ni mimi nalalaka nyuma ya ule mulango," alisema. "Upone vizuri, maman." Hakunitazama.

Nilifuata maneno ya daktari. Ukuta ukakauka, chafya zikapungua, na kabla kiangazi hakijaisha nikawa naamka pua iko wazi. Siku hiyo mama mkwe alinitazama nikivuta pumzi mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaona? Ameenda, na wewe umepona."

Nikaanza kumweleza habari ya ukuta. Uani, wanawake walikuwa wameshaanza kumwitikia kwamba ni kweli.

Mwaka huu binti yangu ameanza kusugua pua kila asubuhi. Nimempeleka kwa daktari yuleyule, dawa tumepata, naye anaendelea vizuri. Lakini chumba cha ng'ambo kimepata mpangaji mpya, msichana anayeimba akifua. Jana mtoto alipiga chafya, na mama mkwe akasogeza kiti chake karibu na dirisha linalotazama chumba hicho.