Wifi Hilaria na Mheshimiwa Aliyeshiba

Wifi yangu Hilaria hajui kupenda bila kulisha. Marehemu kaka yangu alimwoa akiwa mwembamba kama ufito, na kabla mwaka haujaisha shati la harusi lilikuwa halifungi. Ukienda kwake kuomba kiberiti, utatoka na supu tumboni na viazi vya kuchemsha mifukoni. Ukikataa, ananuna. Mimi huwa sikatai, nisije nikaonekana sina adabu.

Ana sababu zake. Alipokuwa msichana mvua zilikosa, kinamasi chote cha malisho kikakauka, na alpaka wa baba yake, wanyama wa manyoya wa jamii ya ngamia, wakafa midomo imejaa ichu, zile nyasi kavu za mlimani. Tangu hapo akiona mnyama anatafuta cha kula, mkono unamwasha.

Ndivyo alivyomharibu Pawkar, dume pekee wa kundi lake. Kiangazi chote alimpa shayiri asubuhi, maganda ya viazi mchana, na jioni shayiri tena, "kidogo tu". Wenzake wakipanda mlimani, yeye alibaki nyuma ya jiko. Mvua zikaja, na sikukuu ya Kanivali nayo. Tukamvika maua masikioni, tukamnywesha chicha, pombe ya mahindi, kama ilivyo desturi, tukampitishia majike. Akawatazama, akaketi, akacheua. Kijiji kizima kikaanza kumwita Mheshimiwa.

Nikamwekea kiganja mgongoni. Alpaka mwenye afya, chini ya manyoya unagusa uti wa mgongo umeinuka kidogo. Huyu mgongo wake ungeweza kuandaliwa chakula juu yake kama meza.

"Wifi, huyu amenona, ndiyo maana hapandi majike."

"Ni manyoya hayo."

"Hata mimi nimevaa sketi nne, lakini makalio ni yangu."

"Husuda tu, wifi. Dume wako mbavu zake zinahesabika."

"Na watoto wake wanahesabika pia. Nikuazime?"

"Manyoya ya mbuzi yale? Bora nikose."

Akacheka, kisha akageuka kulitazama zizi. Mvua zikiisha bila majike kushika mimba, mwaka ujao hakuna mtoto hata mmoja zizini, na binti yake anayeishi mjini Juliaca alikwisha kusema: kundi lisipozaa linauzwa, mama anashuka kuishi mjini.

"Mjini nitamlisha nani?" akaniuliza.

Hapo utani uliniisha. Tumegombana tangu siku ya harusi yake, na sikuweza kufikiria mlima huu bila mtu wa kugombana naye.

Shibe mwana malevya, nikamwambia, basi tumlevue huyu. Shayiri ikapigwa marufuku. Kila asubuhi Mheshimiwa apande mlimani kula ichu kama raia wengine. Hakukubali kwenda peke yake, kwa hiyo Hilaria alivuta mbele, mimi nikasukuma nyuma, tukapanda wote watatu tukihema. Kabla ya kuondoka nilimpekua wifi yangu shali mlangoni. Siku moja nikakuta shayiri.

"Ni yangu mwenyewe," akasema, akaitafuna mbichi mbele ya macho yangu, kavu hivyo hivyo, mpaka punje ya mwisho. Ubishi wa mwanamke yule.

Mvua zilipokaribia kukatika, uti wa mgongo ukarudi kiganjani. Siku moja tukamsikia Mheshimiwa akiguna kwa koo, ile sauti ya dume anayekumbuka kazi yake, na jike mkubwa wa kundi akapiga magoti kumpokea. Hilaria alijifunika uso kwa kofia, akasali.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Kwetu hapo hatuhitaji daktari. Wiki kadhaa zikipita, unamrudisha dume kwa jike yule yule. Jike akipiga magoti, hana kitu tumboni. Akimtemea mate, anaye mtoto.

Tukampeleka. Hilaria ameshika kamba, mimi nimesimama nyuma ya dume. Jike akatutazama. Masikio yakalala nyuma, shingo ikainuka, akatema.

Mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa mwepesi, akakwepa.

Majani yaliyocheuliwa, mabichi na machungu, yalinijaa usoni mpaka puani. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu. Hilaria alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akainuka kunifuta.

"Pole, wifi. Pole, mama. Utakula nini leo?"

Alinifuta kwa pindo la shali lake, taratibu, na punje za shayiri zikanidondokea kifuani.