Baba mkwe alicheza karata na mimi miaka miwili bila kujua

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa huku Masukulu, Rungwe. Nashukuru ukurasa huu kukubali kulificha jina langu, maana gazeti hili linafika Tukuyu na mawifi zangu wanalisoma. Shida yangu ni karata. Najua mtacheka. Chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Baba mkwe alikuwa karani kwenye shamba la chai. Zamani mabwana wa kizungu walimfundisha briji kwa sababu walikuwa wakikosa mtu wa nne. Mnacheza wawili dhidi ya wawili, wewe na mwenzako mnakaa mkitazamana, kila mmoja anatangaza kwa zamu turufu anayoitaka na mizunguko atakayoshinda. Naye akawafundisha makarani wenzake watatu. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, wote wanne wakapunguzwa kazini. Mmoja akarudi kwao Kyela, mchezo ukafa. Mzee akawa wa kukaa tu barazani, hasemi na mtu, mpaka siku alipomwita mume wangu, mwanawe wa kwanza, amfundishe awe wa nne.

Sasa wasiotujua Wanyakyusa waelewe. Mimi na baba mkwe hatukutani. Simtazami, simjibu, jina lake silitamki, nikimwona njiani napinda migombani. Mchungaji anasema kukaa naye si dhambi, lakini mama mkwe hataki kusikia. Jikoni kwangu, lakini, kumetenganishwa na baraza kwa ukuta wa mianzi tu. Mzee akifundisha, mimi namenya ndizi na kusikiliza. Nilimaliza darasa la saba nikiwa wa pili shule nzima, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza kitu cha kutumia akili. Nikauelewa mchezo kuliko aliyekuwa anafundishwa.

Mume wangu hakuelewa kitu. Siku moja akaja jikoni kuwasha sigara, karata mkononi, jasho linamtoka. Nikachungulia nikamnong'oneza, "Wewe umetaja kopa, mzee amekuunga mkono. Una kopa sita na ree mbili, unaogopa nini? Sema kopa nne." Akaenda, akasema, wakashinda. Baba mkwe akacheka! Sijawahi kumsikia akicheka tangu apunguzwe. "Mwanangu, ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, "kumbe nilikuwa nakudharau bure."

Ikawa kila zamu ngumu mume wangu anataka moto wa sigara. Mzee akawa anamtania kwamba atakufa kwa moshi kabla yake. Miaka miwili hiyo nilikuwa na furaha ambayo siwezi kumweleza mwanamke mwenzangu akanielewa.

Halafu mtoto wetu mdogo akaugua, nikalazwa naye Tukuyu wiki mbili. Mume wangu akacheza peke yake. Akaharibu vibaya mno, mpaka wale wazee wawili wakaona aibu kushinda. Baba mkwe akaamini anafanyiwa makusudi. "Gwe, unanichezea? Kazini wamenitupa, na wewe unanifanya kichekesho mbele ya wenzangu?" Tangu siku hiyo hakumsemesha tena mwanawe. Miguu ikavimba, akalala, na chakula kilichopelekwa na mume wangu hakukigusa. Nilimwambia mume wangu aseme ukweli. Akajibu, "Mama watoto, nikisema kwamba mkwewe ndiye aliyekuwa anacheza naye, aibu itamwua leo hii. Na mama atakurudisha kwenu."

Jumapili iliyopita mzee aliomba alazwe barazani. Nilikuwa jikoni, mama mkwe ameketi kando yangu anachambua maharage. Nikamsikia mzee anapanga karata peke yake. Kisha akasema polepole, kuelekea ukutani, "Mwanangu hakuwa na akili ile. Nimefikiri sana. Kama ni wewe uliyekuwa unacheza na mimi, usiseme neno. Kohoa tu, nitaelewa, nimwite mwanangu tupatane."

Mama mkwe akaacha maharage, akanikazia macho. Koo lilikuwa linawasha. Nikabana pumzi. Sikukohoa, wasomaji. Niliogopa mwanamke aliyeshika ungo wa maharage. Mzee alingoja muda mrefu, kisha nikasikia anakusanya karata moja moja, na akasema, "Basi."

Jumanne akapooza upande mmoja. Hasemi tena, na hatujui kama anasikia. Mume wangu anakaa mlangoni pake kutwa, na mzee akimwona anageuza uso ukutani. Mama mkwe hajaniuliza chochote, ananipita tu.

Nataka kuingia chumbani mle, nikae mbele yake nimwambie kwamba ni mimi, mwanawe hakumdhihaki. Lakini kama hasikii nitakuwa nimevunja heshima bure, na kama anasikia huenda nikammaliza. Ninyi mliozeeka mkiwa na wakwe, na ninyi mliowahi kuchelewa kama mimi, niambieni: niingie, au nimwache afe hivyo?