Mvuke wa Mitungi ya Ramlo

Kila alasiri, soko la maziwa la Garissa linapotulia, Sadiyo huketi nyuma ya kibanda chake na birika kubwa jeusi. Maji yakichemka, huelekeza mdomo wa birika ndani ya mtungi wa plastiki na kuuacha mvuke uingie mpaka kuta za ndani zitiririke jasho. Kisha hutumbukiza kijinga cha moto, hufunga, hutikisa, ili maziwa ya kesho yapate ile harufu ya moshi ambayo wateja wa maziwa ya ngamia hawakubali kuikosa. Mvuke kwanza, moshi baadaye. Moshi huleta ladha, lakini uchachu wa jana huondolewa na mvuke.

Mitungi hiyo ni ya Ramlo, binti wa mama yake mdogo, anayefuga ngamia upande wa Bura. Ramlo hukama alfajiri, hufunga kitambaa chekundu shingoni mwa kila mtungi na kumkabidhi dereva. Sadiyo ndiye aliyekuwa akiyauza maziwa hayo kwa niaba yake, kisha kumrudishia mitungi mitupu ikiwa safi. Wateja hawakumjua Ramlo kwa sura. Walikijua kitambaa chekundu, na kwao kilikuwa na maana ya maziwa yasiyochacha kabla ya adhuhuri.

Msimu huu wa mvua Sadiyo alishikwa na mafua yaliyomkaa kifuani. Alasiri moja makaa yalikuwa yamebaki ya kuchemsha birika moja tu. Badala ya kulipeleka kwenye mitungi, alitia majani ya mwarobaini, akajifunika shuka, akajifukiza mpaka pua zikafunguka na usingizi ukamjia. Alizinduliwa na honi ya dereva wa Bura. Maji yalikuwa yamepoa. Akaisuuza mitungi harakaharaka, akaipitisha moshi kwa kijinga kilichosalia, akainusa. Ilinukia vizuri kabisa.

Maziwa yaliyofuata yalikatika kwenye jiko la Keynan, mwenye hoteli ya chai na mnunuzi wao mkubwa. Alikuja sokoni na sufuria yake mkononi, akawaonyesha wanawake mabonge yaliyoelea. Watu waliokwenda kazini bila chai walikuwa wamemsema vya kutosha. Shamso, muuzaji mwenzao ambaye hana dogo asilolitania, alichungulia ndani.

"Ramlo sasa anatuletea kile ndama wake amekataa," alisema.

Safu nzima ilicheka. Sadiyo naye alicheka. Keynan akasema hataki kuona kitambaa chekundu mlangoni pake tena, na wanunuzi wengine wakamfuata.

Siku chache baadaye Ramlo alipiga simu. Alisema ngamia ni wazima, na maziwa yale aliyaonja yeye na watoto wake kabla ya kufunga mitungi. Pengine ni joto la gari, aliuliza. Sadiyo akajibu, "Pengine."

"Basi nisamehe, abaayo, dada yangu," Ramlo alisema. "Nimekuaibisha mbele ya wenzako. Maziwa ya asubuhi nimewaachia ndama."

Tangu hapo Sadiyo hakuweza kutazama birika likifuka. Hata kikombe cha chai alikiacha kipoe kwanza ndipo anywe, maana mvuke ukimgusa uso alijiona amerudi chini ya shuka lile, akiwa ameufungia mvuke wa mitungi kifuani mwake. Mwishowe alijifunga mtandio na kwenda hotelini.

"Adeer, maziwa ya Ramlo yalikuwa safi," alimwambia Keynan, akimwita ami kwa heshima. "Mitungi ndiyo iliyokuwa michafu, na mitungi ni kazi yangu. Mvuke wake nilijifukiza mimi."

Keynan aliendelea kufuta meza.

"Na siku ile ulicheka," alisema. "Kitambaa chekundu kirudi, hakina kosa. Lakini kisipitie mkononi mwako."

Siku hizi maziwa ya Ramlo huuzwa na Bishara, jirani wa Sadiyo. Sadiyo alimwomba amwachie walau kazi ya kuosha, na Bishara akakubali. Lakini kabla mitungi haijapakiwa, Bishara huifungua mmoja mmoja, huingiza vidole ndani, hunusa, na Sadiyo husimama kando akingoja, kama mgeni katika kazi aliyoifanya nusu ya umri wake.

Sadiyo mwenyewe alimpigia Ramlo na kumweleza yote. Alitarajia kutukanwa, na angeshukuru. Ramlo alisikiliza mpaka mwisho, ng'ombe wa mtu wakilia nyuma yake, kisha akauliza kama kifua kimepona. Sadiyo alisema kimepona. Tangu hapo Ramlo hajapiga simu tena. Mitungi huja asubuhi na kurudi jioni, na kila inapofika zamu ya kuitia mvuke, Sadiyo hugeuza uso pembeni ili usimguse hata kidogo.