Kopo la Msaada

Mwenzangu kazini akifungua kopo la nyama, ile harufu ya chumvi na mafuta yaliyoganda hunitoa mezani.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa tumefika ugenini Ixelles karibuni, na nyumbani mimi tu nilijua kusoma Kifaransa. Maman, mama yangu, akanipa kopo la msaada.

“Soma muzuri, mutoto wangu. Hii ni nyama gani?”

Niliona imeandikwa porc, yaani nguruwe, haramu kwetu. Mdogo wangu alikuwa analia njaa.

“Ng'ombe, maman.”

Akasema bismillahi, akakata vipande, cha kwanza akala yeye. Mimi nilisema nimeshiba.

Juzi dukani maman, uzee umeshamwinamisha, alininyooshea kopo lingine.

“Nisomee. Ukisoma wewe, nakulaka bila wasiwasi.”