Nyanzala Aliposema Bado

Ipo Jumamosi moja ya ufukweni mwa ziwa, pale Igogo, ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kufundisha, afadhali uisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana, mwalimu wa darasa la saba. Chuo cha ualimu sikukiona. Nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, na kwa sababu hiyo niliogopa kila kitu. Nikikosea herufi moja ubaoni nilifuta mstari mzima. Miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vimeanza kufunguliwa, kila mtu alikuwa na haraka, na mwalimu alipimwa kwa wanafunzi waliochaguliwa kwenda sekondari. Basi wenye akili niliwaketisha mbele. Nyuma kabisa alikaa Nyanzala, binti mpole, mzito wa hesabu.

Jumamosi hiyo Mzee Magesa, mwenye kokoro, alituruhusu tumsaidie kuvuta wavu wake tupate samaki wa sherehe ya kumaliza shule. Kokoro lina kamba mbili, na kila kamba ina kundi lake la wavutaji. Mimi, kwa kutaka mambo yapendeze, nikawaweka wenye nguvu wote kamba ya kulia ili wawe mfano. Waliobaki, Nyanzala akiwemo, wakashika ya kushoto.

"Vuteni nyie! Ugali mnakula wa nini?" wa kulia wakawazomea.

"Bado!" Nyanzala akapaza sauti. "Bado!"

Nikadhani ni uvivu. Nikawaambia wa kulia waongeze nguvu. Wavu ukaenda upande, ukanyanyuka sehemu ya chini, na samaki wakatoka huku tunawaona. Tulibaki na furu wachache, wale samaki wadogo, na majani. Watoto wakamgeukia Nyanzala: "Wewe ndiye umetukosesha samaki!" Nami nikanyamaza.

Mzee Magesa hakunyamaza. "Mwalimu, hapa mtu akisema bado, upande wa pili unasimama. Unashikilia kamba, unamngoja. Sasa wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Nisamehe, mzee."

"Mimi wa nini? Muombe huyo binti."

Sikumuomba. Niliona aibu mbele ya wanafunzi wangu.

Jumatatu nilifundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Wa mbele walipoelewa, nikafuta ubao. Mkono ukanyanyuka nyuma, mkono ambao sikuwahi kuuona juu mwaka mzima. Nadhani maneno ya mzee yalikuwa yamemtia moyo.

"Bado, mwalimu."

Darasa likacheka. Mwanangu, nilielewa kabisa alichokuwa ananiomba, na hilo ndilo linaloniumiza. Kama nisingeelewa, pengine ningejisamehe. Lakini mtihani ulikuwa karibu, na nilikuwa na hofu. Nikasema, "Tutakurudia," nikaandika swali linalofuata. Sikumrudia siku ile, wala wiki ile.

Wiki mbili baadaye akaacha kuja shule. Nilimkuta kwenye vichanja karibu na ziwa, akianika mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani, pamoja na akina mama wanaoyauza sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Rudi shule, Nyanzala. Nitakufundisha mwenyewe."

Akageuza panki moja, akageuza na jingine.

"Huku nikichelewa wananingoja, mwalimu." Alisema kwa adabu, bila hasira. Hakurudi.

Waliochaguliwa mwaka ule walikuwa wengi, nikasifiwa sana. Tangu hapo nimesimamisha somo mara nyingi kwa ajili ya mtoto mmoja, na sijaona hata siku moja kwamba hilo limemlipa Nyanzala. Usidhani nakupa dawa. Mimi mwenyewe sijapona.

Ninachokuomba ni kidogo. Watoto wa mbele wakielewa, usifurahi upesi; tembea mpaka nyuma. Mtoto akikuambia hajaelewa, weka chaki chini papo hapo, kwa maana amejikaza sana kusema, na huenda asiseme tena. Wakimcheka, mtetee kwanza, ndipo umfundishe. Ukimkosea, muombe msamaha mbele ya wote, hata kama aibu itakuchoma.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, akuepushe na hofu yangu, na akufikishe uzeeni bila kuwa na mtoto hata mmoja wa kumtafuta kwa macho kila upitapo sokoni.