Pauni Kumi za Gaynor

Gaynor Pickersgill hakuwahi kula ameketi. Miaka yote niliyokuwa karani katika shule moja ya Goole, Uingereza, alikula wima kwenye dirisha la jiko, sahani mkono wa kushoto, simu ikichungulia mfukoni mwa aproni. Mama yake, Edna, alikuwa na miaka themanini na saba na alikwisha kuanguka bafuni mara mbili. Gaynor alikuwa na hamsini na mitano.

Asubuhi alimwosha, akamvisha, akamwachia chai kwenye chupa, kisha akaja kupikia watoto. Kwa kumtunza mama yake alipata posho ya serikali, pauni themanini na kitu kwa wiki, kwa sharti kwamba mshahara wake usizidi pauni mia moja hamsini na moja. Ukizidi hata kidogo, posho yote inakwenda. Yeye alilipwa mia moja arobaini na nane.

Kila baada ya miaka mitatu kampuni ya mapishi iliyomwajiri ilimwandikisha upya, pamoja na wapishi wake wote, kwenye pensheni, akiba ya uzeeni, naye kila mara alikuja ofisini kwangu kuomba fomu ya kujitoa. Mwaka ule alikuja na karatasi mbili. Ya pili ilisema mshahara umepanda hadi mia moja hamsini na tano.

"Wamenipandisha, wamenimaliza," alisema. "Itabidi niache kuja Ijumaa."

Ijumaa ilikuwa siku ya samaki na chipsi, siku pekee tuliyomsikia akicheka na wenzake jikoni.

"Na pensheni unajitoa kwa nini?"

"Kipenzi, wakiona nina akiba watasema sina shida. Wataichukua posho."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Inajulikana tu."

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisaini kwa sababu inajulikana, na kalamu nilimpa mimi.

Jioni ile nilisoma masharti ya posho, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Akiba ya pensheni haikumnyima mtu posho. Tena, nusu ya anachochangia mtu hutolewa kabla mshahara wake haujapimwa. Gaynor akiweka pauni kumi kwa wiki, tano hazihesabiwi, na anabaki kwenye mia moja hamsini. Kesho yake nilimweleza.

"Yaani nikijiwekea mwenyewe ndipo hawaninyang'anyi?"

"Ndiyo."

"Na haya ningeyajua saa ngapi? Nikimsugua mama mgongo?"

Tulipiga simu kwenye ofisi ya posho. Muziki ulilia masikioni dakika hamsini, Gaynor akiwa ameegemea kabati la mafaili, amefumba macho. Msichana aliyepokea alikubali kwamba ndivyo ilivyo, lakini alitaka barua na hati ya mshahara. Tuliandika, tukatuma.

Majibu yalichukua wiki sita. Jirani yake mmoja aliwahi kudaiwa arudishe maelfu kwa kuzidi kiwango kwa pauni mbili, kwa hiyo katika wiki hizo Gaynor hakugusa posho. Alinunua mkate wa jana na kuzima hita ya chumba chake, akaacha ya mama ikiwaka.

"Imefika leo?" nilimuuliza kila asubuhi.

"Leo bili ya maji," alijibu, au, "Leo tangazo la piza."

Barua ilipofika aliisoma mlangoni mwa ofisi yangu. Posho inaendelea. Aliikunja, akapangusa uso kwa aproni, akasema viazi vinamngoja.

Nilihamia shule nyingine, na mara ya mwisho tulikutana nje ya duka la dawa, amebeba mfuko wa vidonge vya Edna. Nilimuuliza kama bado anafanya kazi Ijumaa. Anafanya. Nikamuuliza kama pensheni inakua.

"Inakua kama nywele za mama," alisema. "Nikifika sitini na saba nitalala mpaka saa nne asubuhi. Yeye atakuwa na tisini na tisa, ananiita nikamgeuzie mto. Nitamwambia nimestaafu."